Mngojane

Hotuba hii niliitoa kwenye semina ya wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya hapa Moshi mjini. Waliokuwa zamu hospitalini, waliokuwa mlimani na waliokuwa sokoni wameniomba niiandike, kwa sababu semina yenyewe tuliiweka Jumamosi, siku ambayo wao hawapumui. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Bwana Yesu asifiwe!

Tumsifu Yesu Kristo! Ahaa, nimesikia "milele amina" kutoka kona ile. Karibuni sana ndugu zetu Wakatoliki. Leo mmekuja kusikiliza maneno ya Mlutheri, nitajitahidi nisiwaudhi.

Wengi mnanijua kama mwinjilisti. Wachache, hasa yule meku, yule mzee anayecheka pale nyuma, mnanijua kwa jina la zamani: mgumu, yaani mpagazi. Kabla sijashika Biblia nilishika mizigo. Miaka 11 nimepanda na kushuka mlima huu wa Kilimanjaro, Machame, Umbwe, Marangu, nina kilo 20 za watu wengine kichwani na begi langu mgongoni. Nimepewa mada inayosema kwamba ibada ni ya watu wa kila hali. Mimi elimu ya juu ya theolojia sina. Nitaanzia pale ninapopajua.

Siku moja ya Jumapili tulikuwa kambi ya Karanga, karibu mita 4,000 juu. Wageni wanne, na sisi watu 16. Kiongozi wetu wa safari alikuwa Mkatoliki wa Kilema, mtu mkali, hacheki hovyo. Alikuwa na desturi yake: Jumapili, kabla ya kuvunja kambi, tunasali. Dakika 20, basi. Wimbo, somo, Baba Yetu, mizigo kichwani. Asiyependa anaendelea kufunga hema lake. Waislamu tuliokuwa nao walikuwa wanatutengea chai, na sisi wakati wao tulikuwa tunawatengea maji.

Asubuhi ile baridi ilikuwa ya kukata masikio. Tumesimama duara, mikono kwapani. Wageni nao wametoka kwenye mahema yao, mmoja wao hakimu mstaafu wa Ujerumani. Kiongozi akatuzungushia macho, akatuhesabu kama anavyohesabu mizigo. Akauliza, "Kijana wa choo yuko wapi?"

Niwaeleze waliokaa tu chini ya mlima. Wageni wengine hupanda na choo chao, chombo cha plastiki na kihema chake. Kuna mtu anakibeba, anakisafisha, anakifunga, anakwenda nacho kambi inayofuata. Mara nyingi kazi hiyo hupewa aliye mpya. Akimaliza, hakuna anayekimbilia kumpa mkono.

Tukamjibu, "Bado anaosha."

Kiongozi akasema neno moja: "Tumngoje."

Tukangoja. Hakimu akangoja. Mpishi akangoja na uji wake unapoa. Robo saa nzima, wapendwa, katika baridi ile! Kijana akaja anakimbia, suruali imelowa mpaka magotini, anajificha nyuma ya watu. Kiongozi akamwita mbele. "Sasa tumetimia. Anzisha wimbo." Kumbe yule kijana alikuwa mwimbaji wa kwaya kwao Usangi. Alipofungua mdomo, mpaka leo sijui aliipata wapi pumzi ile mahali penye hewa haba namna ile.

Nimesali katika makanisa mengi tangu siku hiyo, yenye vinanda, yenye vigae, yenye spika nane ukutani. Sijawahi tena kuona ibada iliyosimama kumngoja mtu anayeosha choo. Ninyi mmewahi? Ninyi wazee wa zamu, ninyi wenyeviti wa jumuiya, mmewahi kusema, "Tusianze, fulani bado yuko kazini"?

Mbona kimya?

Sasa fungueni Wakorintho wa Kwanza, sura ya 11. Najua mnaijua. Tunaisoma kila tunapokaribia Meza ya Bwana, na tukifika pale pa kujihoji kila mtu nafsi yake, kila mmoja anaanza kukumbuka mbege aliyokunywa jana. Lakini hebu tusome kuanzia juu kidogo. Paulo alikuwa amekasirishwa na nini hasa? Alikuwa amekasirishwa na chakula. Anasema huyu ana njaa, na huyu amelewa. Kanisani! Kwenye chakula cha Bwana!

Ilikuwaje? Korintho ulikuwa mji wa biashara, bandari huku na bandari kule, matajiri, mabaharia, watumwa, watumwa walioachwa huru. Kanisa halikuwa na jengo. Walikutana nyumbani kwa mtu mwenye nafasi, mtu kama Gayo, ambaye Paulo anamtaja kuwa mwenyeji wa kanisa lote. Chumba cha kulia katika nyumba za namna ile kwa kawaida kilikuwa na vitanda vitatu vya kuegemea, watu watatu kila kitanda. Hesabuni. Tisa. Wengine walikaa wapi? Uani.

Na hao wengine walifika saa ngapi? Hapa ndipo penye kiini. Siku hizo Jumapili ilikuwa siku ya kazi kama Jumatatu yetu. Ilibaki hivyo karibu miaka 300, mpaka Kaisari Konstantino alipoitangaza siku ya mapumziko mwaka 321. Mtumwa hakuwa na saa yake. Alitoka bwana wake alipomruhusu. Wenye nafasi walikuwa wamekwisha kuja na vikapu vyao, wameegemea, wamekula, wamekunywa. Anafika mpakua mizigo wa bandarini, mgongo unamuuma, anakuta mifupa. Anaambiwa, "Karibu ndugu, tunaanza kuumega mkate."

Paulo angeweza kuandika kurasa kumi hapo kuhusu usawa. Alipofika mwisho wa jambo lile akawapa amri ya neno moja. Mstari wa 33. Nani anao? Someni kwa sauti. "Kwa hiyo, ndugu zangu, mkutanikapo mpate kula, mngojane."

Mngojane! Nilipoliona neno lile mara ya kwanza nikiwa chuo cha uinjilisti nilifunga kitabu nikatoka nje. Nilisikia sauti ya kiongozi wangu wa Kilema. Hakuwahi kunihubiria maandiko yale, sidhani hata kama aliyawaza asubuhi ile.

Najua kuna mzee hapa anasema moyoni, "Mwinjilisti, sisi shida yetu ni kuchelewa, na wewe unatuambia tuwangoje wachelewaji?" Ni swali halali, nami sipendi ibada inayoanza ovyo. Lakini hebu niwaulize na mimi. Harambee iliyopita tulimngoja mgeni rasmi muda gani? (Kicheko.) Semeni tu. Saa moja na dakika 40! Kwaya imeimba mpaka nyimbo zimeisha, zimeanza upya. Hakuna aliyelalamika, tena tuliposikia king'ora tulisimama wote. Basi kungoja tunakujua. Tunakujua vizuri sana. Tunachagua tu wa kumngoja.

Mama anayeuza ndizi soko la Mbuyuni hatumngoji dakika kumi.

Niwape kisa cha pili. Hiki hakinipendezi kukisimulia, kwa sababu mhusika ni mimi.

Mnajua Desemba yetu. Kuanzia tarehe 20 mabasi yanajaa, barabara ya kutoka Dar es Salaam inajaa, vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, vinafunguliwa, mbuzi wanaanza kuwa na wasiwasi. Kanisa la kijijini lililokuwa na watu 150 mwezi mzima linakuwa na watu 800. Ni baraka, siikatai. Wana wa nyumbani wamerudi. Mwaka huo nilikuwa mzee wa zamu siku ya Krismasi, usharika siutaji. Nimevaa koti, nimenyoosha kola, napanga watu. Ikaingia familia moja kubwa, magari matatu nje, watoto wamevaa sare kama kwaya. Benchi la pili lilikuwa limekaliwa na bibi mmoja. Nikamwendea, nikamwinamia kwa heshima zote, nikamwambia, "Shikamoo bibi. Naomba unisaidie, sogea kule nyuma kidogo kuna wageni."

Bibi akasema marahaba, akainuka. Hakuwa na neno. Akakaa karibu na mlango, penye upepo.

Yule bibi ndiye aliyekuwa akifua vitambaa vya madhabahu. Vile vyeupe nilivyokuwa naviangalia nikiwa nimesimama mbele na koti langu, yeye ndiye alivifua, akavipiga pasi ya mkaa.

Ngojeni, hakijaisha. Baada ya ibada, mnada. Kwa wageni wetu wa mbali niseme kidogo, maana huu mnada mimi naupenda na ningetamani usife hata watu wote wakianza kutoa kwa simu. Kwetu asiye na fedha mkononi analeta alichonacho: mkungu wa ndizi, maparachichi, jogoo, chupa ya maziwa. Vinauzwa nje ya kanisa, watu wanashindana kupandisha bei, fedha inaingia kwenye sadaka. Mara nyingine mnunuzi anakirudisha kitu kiuzwe tena, jogoo mmoja anauzwa mara tatu hadi yeye mwenyewe anachoka. Ni njia ya busara kabisa. Mkulima asiye na shilingi mia anatoa sadaka inayofika elfu hamsini, na hakuna aliyempa msaada. Katoa chake.

Siku hiyo yakaletwa mayai matano kwenye kibakuli. Yule baba wa magari matatu akayanunua kwa shilingi 50,000. Vigelegele! Makofi! Mchungaji akamshika mkono. Nani aliyaleta mayai yale? Mmeshajua. Amesimama nyuma ya umati, anangoja arudishiwe kibakuli chake.

Baba yule hana kosa, hakujua lolote. Aliambiwa kaa hapa, akakaa. Yakobo anapoandika sura ya 2, juu ya mwenye pete ya dhahabu anayepewa mahali pazuri na maskini anayeambiwa simama pale, hamgombezi mwenye pete. Someni vizuri. Anamgombeza anayepanga viti. Anawagombeza wazee wa zamu! Anatugombeza sisi tuliomo humu ndani!

Nilikwenda kwa bibi baada ya Mwaka Mpya, nikachuma jani la sale nikaenda nalo mkononi kama wazee wetu walivyotufundisha. Wachaga mnajua, mtu akikujia na sale humkatalii msamaha. Alilipokea. Akaniuliza kama nimekula. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea: kwamba pale mlangoni hakumsikia mchungaji hata kidogo, kwa hiyo nimsimulie mahubiri. Nikakaa jikoni kwake nikamhubiria Krismasi tarehe 3 Januari. Na niwaambie ukweli, nilikuwa nimeyasahau zaidi ya nusu.

Tuendelee.

Kuna watu husema haya mambo ya "watu wa kila hali" ni mambo ya siku hizi, ya semina na wafadhili. Hapana. Kama mwaka 112 gavana mmoja wa Kirumi, Plinio, aliyekuwa akitawala Bithinia, kaskazini mwa nchi inayoitwa Uturuki leo, alimwandikia Kaisari Trayano barua. Hakuwa Mkristo, alikuwa anawahukumu Wakristo. Anaeleza kwamba watu hawa hukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, wanamwimbia Kristo kama Mungu. Kabla ya mapambazuko! Kwa nini? Kulipokucha watu wa kazi walikuwa na kazi. Ibada ilipangwa saa ambayo mtumwa anaweza kuja.

Kisha analalamika kwamba jambo hili limewashika watu wengi wa kila umri, wa kila cheo, wanaume kwa wanawake. Wapendwa, huyo ni adui anaandika! Na alipotaka kujua siri ya ibada yao aliwatesa wanawake wawili. Anasema walikuwa watumwa. Anasema pia kanisani walikuwa na cheo, neno alilotumia ni la Kilatini lenye maana ya wahudumu, na wengi husema walikuwa mashemasi. Kwa bwana wao ni vyombo vya nyumbani. Kwa kanisa, viongozi. Gavana hakuona ajabu yoyote hapo, aliona ushirikina tu.

Rudini Korintho kidogo. Waraka kwa Warumi uliandikwa huko, na mwisho wake, sura ya 16, kuna salamu ambazo sisi huruka. Erasto, wakili wa mji, anawasalimu. Huyo ni mtu wa fedha za mji, ofisi kubwa. Na pamoja naye Kwarto, ndugu yetu. Jina Kwarto kwa Kilatini maana yake ni wa nne. Na aliyeshika kalamu kuandika waraka wenyewe ni Tertio. Wa tatu! Majina ya namba kama hayo yalikuwa ya kawaida kwa watumwa. Sasa fikirini, bwana fedha wa mji na mtu anayeitwa Wa Nne, sentensi moja, salamu moja. Mimi hapo ndipo ninapoiona ibada. Ningeulizwa mstari gani uandikwe juu ya mlango wa kanisa badala ya "Karibuni Wote", ningeandika salamu ile. "Karibuni Wote" kila duka limeandika.

Na hapa mlimani je? Nitagusa tu. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893, na Mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa wameshaanza Kilema kabla yao kidogo. Lakini baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1920, Wajerumani waliondolewa nchini. Makanisa ya Kilutheri yangekufa. Nani aliyakusanya? Walimu wenyeji, watu wenye jembe mkono mmoja na Agano Jipya mkono wa pili, hata Waamerika walipokuja kusaidia wakakuta kengele bado zinalia. Waliotuwekea ibada ni wakulima wa vihamba. Tukumbuke hilo tunapotaka kila anayesimama mbele awe na shahada.

Lugha nayo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mkatoliki wa Kilema. Alikuwa anajibu Misa kwa Kilatini, haraka haraka, "Et cum spiritu tuo", na alikuwa anaamini kabisa ni maneno ya Kichaga cha zamani. (Kicheko.) Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake ya liturujia tarehe 4 Desemba 1963, baadaye Kiswahili kikaingia, na bibi alilalamika kwamba sasa anaelewa kila kitu na kuna mambo asingependa kuyaelewa. Nacheka, lakini leo pale nje ya kanisa kuna mlinzi, kijana wa Kimasai kutoka Simanjiro. Kiswahili chake ni kidogo. Kuna wakati mchungaji anatia mfano kwa Kichaga, kanisa zima linaangua kicheko, na yeye anabaki anaangalia magari. Nani amewahi kumweleza kilichochekesha? Na ndugu zetu viziwi, wanaotuangalia midomo inavyocheza saa mbili nzima?

Sasa nakuja kwenye kisa cha mwisho, na nitaomba mnivumilie.

Miaka michache iliyopita mwenyekiti wa jumuiya yetu alikuwa anaandika orodha ya kaya. Tumekaa kwangu sebuleni, majirani wapo, chai ipo. Akaniuliza, "Nyumbani kwako mko wangapi?" Nikasema watano. Mama mmoja jirani, mtu wa maneno machache, akasema, "Sita."

Nikamwambia, "Tano, mama. Mimi, mke wangu, watoto watatu."

Akasema, "Na aliyeleta chai hii?"

Binti alikuwa amesimama mlangoni na birika. Alikuwa amekaa kwangu miaka mitatu. Miaka mitatu, kila Jumapili, sisi tunatoka saa 1:00 asubuhi tumevaa vizuri, yeye anabaki na mtoto mdogo na maharage jikoni, ili tukirudi kutoka kuabudu tukute chakula. Mwinjilisti! Na wakati huo nilikuwa nimeshahubiri Wakorintho sura ya 11 si chini ya mara nne. Nilikuwa nahubiri juu ya watumwa wa Korintho na nyumbani kwangu kuna mtu anakuta mifupa.

Naomba niulize, na msinijibu kwa mdomo. Sasa hivi, sisi tukiwa hapa tunajifunza mambo ya ibada, nani yuko nyumbani kwako anapika?

Nilimwomba radhi. Tukapanga zamu, wiki moja mke wangu anabaki mpaka ibada ya pili, wiki nyingine mimi. Maharage nimeunguza mara mbili. Nilidhani mwisho wa kisa utakuwa binti anakuja usharikani kwetu, anaingia kwaya, na mimi nasimama mbele kuwasimulia watu. Haikuwa hivyo. Jumapili ya kwanza akavaa vizuri akaenda kwa Wapentekoste karibu na soko. Nikamuuliza mbona huko. Akanijibu kwa adabu tu: "Baba, kule wananijua jina." Kumbe alikuwa anapita pale siku za Jumatano akienda kununua mchele, wanamsalimia.

Nilitaka kukasirika. Nikashindwa pa kuanzia.

Kwa hiyo wazee wangu, mama zangu, sina maazimio 12 ya kuwaachia. Kuna machache ninayoyasumbukia. Ibada fupi ya katikati ya wiki jioni, soko likishafungwa, hata watu wakiwa 20. Kumwuliza mtu wa bodaboda yeye anaweza saa ngapi kabla hatujapanga ratiba yetu. Kuacha kusoma kiasi alichotoa kila mtu kwenye matangazo. Namba ya bahasha inatosha, mhazini anajua na Mungu anajua. Benchi lisiwekewe mkoba. Na ulinzi wa magari Jumapili tuufanye sisi wazee kwa zamu, mlinzi aingie ndani akae. Mtaniambia gari likiibiwa je? Mimi sina gari, kwa hiyo kwangu ni rahisi kusema, nakiri. Lijadilini ninyi wenye nayo.

Kuna aliyeniandikia kikaratasi hapa: "Je, wale tusioweza kuwangoja kabisa, walioko zamu, wagonjwa, waliofungwa Karanga?" Karanga hiyo ya gerezani, siyo ile ya mlimani. Ndugu, umeuliza vizuri. Wakristo wa kwanza, kama mwandishi wao Justino anavyoandika katikati ya karne ya pili, walipomaliza kushiriki mkate waliwapelekea wasiokuwapo kwa mikono ya mashemasi. Hiyo nayo ni kungoja. Unaiweka sehemu ya mtu kabla wewe hujamaliza sahani. Wamama wa hospitali ya KCMC wa zamu ya usiku wanapotoka saa 1:30 asubuhi wamechoka, hawahitaji kuulizwa kwa nini hatukuwaona. Wanahitaji kuona kwamba kuna kilichobakizwa.

Nimeonyeshwa saa. Naambiwa pilau iko tayari, na kwa harufu hii sina haja ya kuthibitishiwa. Mchungaji, naona umesimama uombee chakula. Nisamehe, baba, naomba ukae kidogo.

Nilipokuwa naingia asubuhi nilihesabu. Getini wapo walinzi wawili. Jikoni kule nyuma wapo mama watano, wameanza kupika saa 10 alfajiri, hawajasikia hata neno moja la semina hii. Na kuna kijana amekwenda kutafuta maji, maana bomba limekatika. Mwenyekiti, tuma mtu akawaite. Wewe na wewe pale mlangoni, nendeni mkakae getini kwa muda. Mama, sogeza huo mkoba wako, hapo patakaa watu wawili.

Kijana wa maji bado? Haya. Kwaya, tuimbieni kitu wakati tunamngoja.